Kituo Kilichopotea katika Jimbo la Got Rateng’

Wiki niliyokuwa nikisafisha meza yangu ili nistaafu, karani mmoja kijana, Beryl, alinijia na faili lililotafunwa na mende pembeni. Akaniuliza, “Mama Rukia, hii Got Rateng’ ilikuwa wapi? Kwa faili iko, lakini kwa orodha ya majimbo haiko.”

Nilimwambia nitamjibu nikipata nafasi. Sasa nafasi ninayo tele, na jibu lenyewe ni refu kuliko alivyodhani, kwa hiyo nimeona niliandike. Nawaandikia ninyi mliobaki pale ofisini. Habari za vyeo vyangu hamtazikuta humu; vilikuwa vichache na vilichelewa.

Nilizaliwa Kaloleni, hapa Kisumu. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, Mwislamu ambaye wazee wake waliletwa na reli kutoka Pwani. Mama yangu alikuwa Mluo wa Kano aliyesilimu alipoolewa. Nyumbani tulisema Kiswahili sebuleni na Kidholuo jikoni, na nadhani hilo ndilo lililonipa kazi, maana alama zangu za hesabu zisingenipa.

Niliripoti mwanzoni mwa miaka ya themanini katika chumba cha uchaguzi cha ofisi ya wilaya. Watu hudhani karani wa uchaguzi hulala kutoka uchaguzi mmoja hadi mwingine. Siku yangu ya kwanza nilikabidhiwa rula ya mbao, chupa ya wino, kijiti cha lakiri ya kufungia bahasha na madaftari ya wapiga kura yaliyofika kiunoni nikiyapanga sakafuni. Aliyenikabidhi alikuwa Mzee Odera, karani mkuu. Wakati huo hakuwa mzee wa umri, lakini alikuwa na uzee wa tabia: mrefu, mkimya, koti la kahawia hata jua likiwaka, na kalamu mbili mfukoni, nyeusi ya kuandikia na nyekundu ya kufutia. Ile nyekundu nilimwona akiitumia mara chache sana.

“Rukia,” aliniambia, “usimwandike mtu kabla hujamsikia akitamka jina lake mwenyewe. Jirani akikutajia, ngoja. Mume akikutajia, ngoja.”

Nilidhani ni maringo ya wakubwa. Kisha nikafungua daftari la kituo kimoja cha ufuoni nikawakuta kina Min Otieno kumi na mmoja, maana yake mama Otieno, na kila mmoja alikuwa na Otieno wake. Nani kati yao amekufa, nani amehama, hakuna aliyejua. Ilinichukua miezi miwili kuwatafutia majina waliyopewa na wazazi wao. Wengine walicheka walipoyasikia. Yalikuwa hayajatamkwa miaka mingi.

Kazi iliyofuata ndiyo iliyonivuta. Mzee Odera alinipa karatasi kuukuu za matokeo ya jimbo la Got Rateng’ tangu uhuru, nizinakili upya kituo kwa kituo kabla hazijaoza. Jimbo hilo lilianzia kwenye kilima cheusi kilicholipa jina lake, likashuka tambarare mpaka ziwani. Wenyeji walijigawa wao wenyewe: watu wa Juu na watu wa Chini. Mbunge wa kwanza alikuwa mwalimu wa Juu, aliyepita bila kupingwa. Wa pili alimwangusha yule mwalimu. Huyo wa pili alipofariki, ukafanyika uchaguzi mdogo na akaingia mdogo wake, ambaye inasemekana hakufungua kinywa bungeni ila kupiga miayo. Wote wa Juu. Watu wa Chini walisimamisha mtu kila mara, na kila mara walishindwa.

Mara moja tu walikaribia. Ulikuwa uchaguzi wa miaka ya sabini, na tofauti ilikuwa ndogo mno. Nikaanza kuangalia vituo kimoja kimoja, na nilipofika kituo cha Koyugi, huko Chini kabisa, sikukuta idadi. Palikuwa na kistari. Katika chaguzi zilizofuata Koyugi haikuwamo tena. Kwa ombi la chifu wao, waliandikishwa kwenye shule moja upande mwingine wa mto. Nikafungua daftari la zamani la Koyugi nikahesabu majina. Walikuwa wengi kuliko ile tofauti.

“Mzee Odera,” nikauliza, “hapa Koyugi kuna kistari. Kulitokea nini?”

“Mafuriko,” akasema. Akachukua kofia yake akaenda kula chakula cha mchana. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Niliirudia ile karatasi. Herufi K ya Koyugi ilikuwa na mkia uliopanda juu kama mkia wa paka aliyefurahi. K hiyo nilikuwa nikiiona kila siku kwenye meza ya Mzee Odera, mbele yangu. Sikumuuliza tena. Lakini sikuacha kujiuliza kituo kinakufaje, maana watu wa Koyugi walikuwa hai. Niliwaona wakiuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni.

Ukaja ule mwaka wa mlolongo. Ninyi vijana mmesikia tu. Sisi tulikuwa pale. Hakukuwa na karatasi za kura wala sanduku. Wapiga kura walipanga foleni nyuma ya picha ya mgombea wao, uwanjani, mbele ya macho ya kila mtu, na makarani tukapita tukihesabu vichwa. Mimi nilipangwa kwenye ile shule ambako watu wa Koyugi waliandikishwa. Walifika wamelowa hadi magotini kwa kuvuka mto. Wakasimama nyuma ya picha ya mgombea wa Chini, muuguzi mmoja mwanamke, na foleni yao ikazunguka goli la mpira, ikarudi hadi madarasani. Foleni ya mgombea wa Juu iliishia katikati ya uwanja. Nilihesabu mara mbili, nikaandika kwenye daftari langu dogo, nikampelekea idadi mkubwa aliyetumwa kusimamia.

Alisoma matokeo kutoka kwenye karatasi ambayo sikuiandika mimi. Foleni fupi ilishinda.

  Wakati wa kuondoka, mama mmoja aliyevaa leso kiunoni alinifuata. Aliitwa Dorka Awuor, mfinyanzi wa vyungu kutoka Koyugi; wakati huo sikumjua.

“Nyathina,” akaniita, yaani mtoto wangu. “Ni wewe ulikuwa unahesabu sisi?”

“Ni mimi, Mama.”

“Tulikuwa wangapi?”

Nilimtazama yule mkubwa, aliyekuwa akiingia garini, naye alikuwa akinitazama. Nikasema, “Mama, matokeo yameshasomwa.”

“Hiyo nimesikia. Mimi nimeuliza tulikuwa wangapi.”

Sikumjibu. Alifunga leso yake vizuri, akashuka kwenda mtoni pamoja na wenzake.

Kesho yake nilikaa mezani bila kugusa kalamu. Nilikuwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa juu yangu mwenyewe. Mzee Odera, aliyekuwa ameshasikia ya uwanjani, alifunga mlango, akavuta kiti, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akakaa upande wangu wa meza.

“Umenyamaza kwa sababu ya mkubwa,” akasema.

“Nimenyamaza.”

“Basi nikueleze kuhusu mafuriko.”

Alikuwa na mwaka mmoja kazini, akasema. Alipewa sanduku na karatasi za kituo cha Koyugi. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Alipofika mtoni alikuta mto Awach, ambao zamani ulipita nyuma ya Koyugi, umejichimbia njia mpya mbele yake. Kijiji kizima kilikuwa kimebaki ng’ambo. Akarudi kwa chifu, akapiga simu mjini kuomba maelekezo. Mkubwa wake akamuuliza: mpaka wa jimbo letu ni nini? Akajibu: ni mto. Mkubwa akasema: basi hao walio ng’ambo si wetu tena, rudi na sanduku.

“Ukarudi.”

“Nikarudi.”

“Na jimbo jirani? Hawakuwapokea?”

“Wangewapokeaje? Majina yao yalikuwa kwenye daftari letu.”

“Kwa hiyo walipiga kura wapi?”

“Hawakupiga.” Akatazama mikono yake. “Jioni ile nikaambiwa nijaze karatasi. Sikujua niandike nini. Sifuri ingekuwa uongo. Sifuri maana yake tuliwauliza, wakakataa wote.”

Akainuka, akafungua mlango, akarudi mezani kwake. Miaka minne iliyofuata tulifanya kazi pamoja bila kulitaja tena.

Vyama vingi viliporudi, mwanzoni mwa miaka ya tisini, wananchi wote walipaswa kujiandikisha upya. Tulipata msimamizi mpya wa uchaguzi, Bwana Mutua, mtu wa Ukambani, mpole, aliyekaa Milimani na kufika kazini kabla ya bawabu. Wiki ya kwanza ya uandikishaji akaletewa barua kutoka Koyugi. Walikwenda kujiandikisha ile shule ya siku zote, karani mgeni akaangalia ramani akawaambia wako ng’ambo ya mto, waende jimbo jirani. Wakaenda. Kule wakaambiwa chifu wao ni wa Got Rateng’, warudi walikotoka. Barua ilimalizika kwa swali moja: “Sisi ni watu wa nani?”

Bwana Mutua alitandaza ramani mpya mezani. “Mama Rukia, mimi nafuata sheria. Mpaka ni mto, na mto uko hapa. Nitawatetea vipi?”

 Nilijua tu kwamba hilo neno, mpaka ni mto, nilikuwa nimelisikia kwa kila mtu na sijawahi kuliona limeandikwa. Nikamuuliza Mzee Odera aliliona wapi.  “Kwa ramani,” akasema. “Mstari umepita juu ya mto.”

“Na ramani ilichorwa kutokana na nini?”

 Akatoa ufunguo wa stoo mfukoni mwake akanipa.

Nilikaa mle siku tatu, nimefunga leso puani kwa ajili ya harufu ya popo. Siku ya tatu nikazipata: karatasi nne zilizopigwa taipu wakati jimbo lilipoundwa, zikieleza mipaka kwa maneno, kutoka kilimani hadi ziwani. Nilizisoma pale pale nimesimama. Zilitaja barabara, shule, kona ya shamba la miwa. Zilipofika upande wa Koyugi zilisema mpaka utafuata mpaka wa lokesheni, yaani eneo la chifu. Mto haukutajwa hata mara moja. Aliyechora ramani ya kwanza aliona mpaka wa lokesheni na mto vikienda sambamba, akapitisha mstari wake juu ya mto kwa sababu ulikuwa rahisi kuuona. Mto ulipohama, ramani zilizofuata zikauhamisha mstari pamoja nao. Tangu hapo kila mtu alisoma ramani, na hakuna aliyesoma maandishi.

Na Koyugi haikuwahi kutoka kwenye lokesheni yake. Chifu wao alikuwa yule yule.

Bwana Mutua alisoma karatasi zile mara mbili, akavua miwani. “Nani mwingine ameisoma hii?”

“Nadhani aliyeipiga taipu,” nikasema.

Alicheka, lakini Mzee Odera, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakucheka. Aliomba ruhusa akaenda nje, na kupitia dirishani nilimwona amesimama karibu na bomba la maji, kofia mkononi, hanywi wala haoshi kitu.

Bwana Mutua alitaka nithibitishe kwa macho. Nilikwenda Koyugi, na aliyetolewa kunionyesha alikuwa yule mama wa leso, Dorka Awuor. Alinitambua mara moja lakini hakusema. Alinipeleka nyuma ya kijiji, kwenye bonde refu lisilo na maji, lililopandwa nduma, na kwa mguu akafukua kome wa mtoni wawili watatu kutoka udongoni.

“Hapa ndiyo mto ilikuwa inapita. Mume wangu alitegea samaki hapa. Watu wanatuuliza kwa nini tulihama. Sisi hatukuhama. Mto ndiyo ilihama.”

Nilichora nilichokiona, na naibu wa chifu akatia sahihi. Kituo cha Koyugi kikarudishwa. Nilimwomba Mzee Odera twende pamoja kuandikisha watu. Akasema mguu unamuuma. Nikaenda na karani mwingine, tukaweka meza ndani ya kanisa lao la udongo, na watu wakaja hadi siku ya mwisho. Mama Dorka aliingia siku ya pili.

“Jina lako, Mama?”

“Unalijua.”

“Nataka kulisikia kutoka kwako.”

“Dorka Awuor.” Akabonyeza kidole chake kwenye wino. Nilipomaliza kumwandika nilifungua mkoba nikatoa lile daftari dogo la mwaka wa mlolongo. 

“Mlikuwa mia tatu na kumi na nne,” nikamwambia. “Wao walikuwa mia moja na sita.”

Aliitikia kwa kichwa polepole. “Nilijua. Hata mtoto angejua. Lakini nilitaka mtu wa serikali aseme.”

Sitawadanganya kuhusu matokeo. Siku ya kura watu wa Koyugi walipiga kura kijijini kwao, karibu wote kwa yule muuguzi wa Chini, na muuguzi akashindwa na mtu wa Juu kwa tofauti ambayo Koyugi kumi zisingeiziba. Kura zao hazikubadilisha kitu. Mzee Odera ndiye aliyejaza karatasi ya majumuisho, na alipofika kwenye mstari wa Koyugi aliandika idadi polepole, akapuliza wino ukauke, akaendelea na kituo kinachofuata. Mwaka uliofuata alistaafu, akahamia Nyamasaria kufuga kuku.

Kabla ya uchaguzi mwingine, mipaka ikachorwa upya nchini. Watu walikuwa wameongezeka, na Got Rateng’ ikafutwa: upande wa Juu ukaunganishwa na jimbo la kaskazini, upande wa Chini ukapewa jimbo jipya la ufuoni. Beryl, ndilo jibu lako. Jimbo halikupotea; liligawanywa, kama shamba la marehemu.

Tulizunguka vijijini kuwaeleza wananchi na kupokea maoni yao. Mkutano wa mwisho ulikuwa Koyugi, mchana, kanisani. Bwana Mutua aliongoza, mimi nikawa mwandishi. Katikati ya mkutano niliinua macho nikamwona Mzee Odera ameketi benchi la nyuma, koti la kahawia, mwavuli katikati ya magoti. Sikujua aliambiwa na nani. Bwana Mutua alipouliza kama kuna mwenye neno, akasimama.

“Mimi si mtu wa hapa,” akasema kwa Kidholuo, “lakini nina neno la hapa. Mwaka ule wa mafuriko, mlipokosa kupiga kura, sanduku lenu lilifika. Nililileta mimi. Nilifika mtoni nikarudi nalo. Niliambiwa nirudi, lakini miguu ilikuwa yangu. Mlikuwa watu wa jimbo hili wakati wote, na karatasi iliyosema hivyo ilikuwa stoo, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Sikuisoma.”

 Mama Dorka, aliyekuwa mbele, aligeuka kwenye benchi lake.

“Tulikuona,” akasema.

“Mliniona?”

“Ulikuwa umebeba sanduku kichwani, umefunika na gunia. Tulisimama huku ng’ambo, watu wazima wote. Vijana walikuwa na mtumbwi tayari. Tulikuita.”

Mzee Odera alishika mwavuli kwa mikono miwili. Habari hii hakuwahi kuniambia mimi, miaka yote ile.

“Nilisikia,” akasema.

Mama Dorka akamuuliza, “Uliogopa maji, ama uliogopa mkubwa wako?”

“Mkubwa.”

“Sisi tulisema ni maji. Tulikucheka miaka mingi, tukisema mtu mrefu hivyo anaogopa maji.” Kuna waliocheka, kisha wakaacha. Yeye hakucheka. “Mume wangu alikufa kabla ya kupiga kura ingine. Hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho yake, na hakupiga.”

“Pole, Mama.”

“Pole nimesikia.” Alisogea kwenye benchi, akapiga mbao kwa kiganja mara mbili. “Kuja ukae hapa mbele. Huko nyuma hutasikia vile wanatugawa.”

Akaja akaketi. Mkutano ukaendelea: kisima, barabara, jina la jimbo jipya, ambalo hakuna aliyelipenda.

Jioni, garini, Bwana Mutua aliomba kuona kumbukumbu za mkutano nilizoandika. Alifunua kurasa hadi pale aliposimama Mzee Odera, akasoma. Barabara ilikuwa mbovu, na gari likatutikisa.

“Mama Rukia, haya ya mzee hayahusu mipaka. Unaonaje, yaingie kweli?”

“Bwana Mutua,” nikamwambia, “yameshaingia. Nimetumia kalamu nyeusi; nyekundu sina.”